Rozimari: kilichomo kwenye jani sicho chote kinachofika mwilini

Rozimari imeshika mitandao. Mmoja anachemsha majani yake na kupulizia maji kichwani ili nywele ziote. Mwingine anakunywa chai yake kabla ya kula chochote, eti asafishe damu. Wa tatu anauza kichupa cha mafuta na kuahidi kwamba yanatibu kisukari, maumivu ya viungo, usahaulifu na saratani. Chini ya kila video maswali ni yale yale: nichemshe au niloweke? Mabichi au makavu? Mafuta si bora kuliko maji? Mjamzito anaruhusiwa? Majibu yanapingana, na kila anayejibu anajibu kwa uhakika.

Mkanganyiko huu una chanzo kimoja kikubwa. Tunaizungumzia rozimari kana kwamba ni kitu kimoja, wakati jani lake limebeba viambato vingi ambavyo havina tabia moja. Kimoja huyeyuka kwenye maji, kingine hukataa maji na kukubali mafuta, kingine hupaa na mvuke kabla hujaketi kunywa. Kwa hiyo chai, maji ya kupulizia, mafuta ya kichupa na unga wa majani makavu ni vitu vinne tofauti, hata kama vyote vimetoka kwenye kichaka kimoja. Utafiti uliofanywa kwa kimoja hauwezi kuwa ushahidi wa kingine. Nusu ya ahadi zinazozunguka kuhusu mmea huu zinaanguka hapo.

Kwanza tuujue wenyewe. Rozimari ni kichaka kisichopukutisha majani, na asili yake ni nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuandika kwa jina la Rosmarinus officinalis mwaka 1753, na jina hilo bado limo kwenye vitabu vingi na kwenye vifungashio. Mwaka 2017 wataalamu wa mimea waliuhamishia kwenye jamii ya seji, ukawa Salvia rosmarinus. Ukikutana na majina hayo mawili usidhani ni mimea miwili. Tiba za jadi zimeutumia kwa tumbo lililojaa gesi, kwa misuli na viungo vinavyouma, kwa kumbukumbu na kwa nywele. Nne hizi tuziweke akilini, maana tutazirudia.

Sasa geuza jani uangalie upande wa chini. Utaona kingo zimejikunja kuelekea ndani, na katikati kuna weupe kama wa vumbi. Weupe ule ni vinyweleo vingi vidogo, na kati yake zimo tezi ambazo jicho tupu halizioni vizuri. Ukilisugua jani kwa vidole, tezi zinapasuka. Harufu inatoka mara moja, kali na yenye ubaridi, na kidoleni kunabaki utando unaonata kidogo. Hapo umeshatenganisha makundi mawili ya viambato bila maabara: kilichopanda puani ni viambato vinavyopaa, na kile kizito kinachonata ndimo yamo mengi ya yale yasiyopaa.

Mmea haukuvitengeneza vitu hivi kwa ajili yetu. Hauwezi kukimbia jua kali, ukame wala wadudu, kwa hiyo hujilinda kwa kemia.

Kundi la kwanza ni mafuta ya kunukia. Kwenye majani makavu huwa kati ya asilimia 1 na 2.5 hivi ya uzito. Ndani yake kuna sineoli, ambayo ndiyo pia huupa mkaratusi harufu yake, pamoja na kafuri, alfa-pineni na verbenoni. Uwiano wake hubadilika kulingana na mahali mmea ulipotoka. Mafuta ya Moroko na Tunisia kwa kawaida huwa na sineoli nyingi, ya Hispania huwa na kafuri zaidi, na ya kisiwa cha Corsica hujulikana kwa verbenoni. Chupa mbili zenye jina moja zaweza kuwa na vitu vinavyotofautiana kiasi cha kutosha kubadili usalama wake, hasa kwa upande wa kafuri.

Kundi la pili linaongozwa na asidi ya rosmarini. Waitaliano wawili, Scarpati na Oriente, waliitenga kutoka kwenye mmea huu mwaka 1958 na kuipa jina la mmea wenyewe. Lakini si mali ya rozimari peke yake. Mnanaa, mrehani, oregano na zeri ya limau vyote vinayo. Inayeyuka vizuri kwenye maji, hivyo ndiyo inayoingia kwa wingi kwenye kikombe cha chai.

Kundi la tatu ni asidi ya karnosi na ndugu yake karnosoli. Hizi ndizo zinazotajwa kwenye tafiti nyingi za kuvutia, kuanzia ulinzi wa seli za ubongo hadi nywele. Tatizo ni kwamba hazipendi maji. Anayenawa mikono iliyopakaa samli kwa maji matupu anajua jinsi maji yanavyoteleza juu yake bila kubeba kitu, na asidi ya karnosi hufanya vivyo hivyo ndani ya sufuria: sehemu kubwa hubaki kwenye majani unayoyatupa. Kuitoa kunataka mafuta, spiriti, au mitambo ya viwandani.

Hebu tuisimamie sufuria yenyewe. Maji yanachemka, majani yameingia, kifuniko hakipo. Dakika chache baadaye jiko lote linanukia, na mchemshaji anafurahi kwamba dawa imeiva. Kumbe harufu ile inayojaa chumba ni mafuta ya kunukia yanayoondoka. Kadiri nyumba inavyonukia ndivyo sufuria inavyopungukiwa. Maji yanageuka rangi ya kaharabu, uchungu kidogo unaingia, na kilichomo sasa ni asidi ya rosmarini na wenzake wanaokubali maji, pamoja na mabaki ya mafuta. Kwa hiyo kama shabaha yako ni chai, chemsha maji kwanza, zima moto, weka majani, funika dakika 10 hadi 15, na matone yaliyoganda chini ya kifuniko yarudishe kikombeni. Kuchemsha nusu saa hakuongezi nguvu.

Tuje kwenye neno linalobandikwa kila bidhaa ya mimea: antioksidanti. Seli zetu zinapotumia oksijeni hubakiza molekuli zilizopungukiwa na elektroni, ziitwazo radikali huru. Radikali huru hunyakua elektroni kwa jirani, jirani naye aliyenyang'anywa hugeuka mnyakuzi, na mnyororo huendelea hadi utando wa seli au vinasaba vidhurike. Antioksidanti ni kitu kinachoweza kutoa elektroni na kuukata mnyororo huo bila chenyewe kugeuka hatari.

Kazi hiyo rozimari inaifanya kweli, na inaifanya vizuri sana nje ya mwili. Mafuta ya kupikia yaliyokaa mpaka yakaanza kunuka yameharibiwa na mnyororo huo huo wa oksijeni. Dondoo ya rozimari, yaani viambato vilivyokamuliwa kutoka kwenye majani, huuzuia, ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliiruhusu mwaka 2010 kuwa kihifadhi cha vyakula kwa namba E 392, na kipimo chake huhesabiwa kwa jumla ya asidi ya karnosi na karnosoli. Nyama inayochomwa kwenye moto mkali pia hutengeneza viambato vinavyohusishwa na saratani, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas State nchini Marekani walionyesha kwamba dondoo ya rozimari ikipakwa kabla ya kuchoma huvipunguza kwa kiasi kikubwa. Kwangu mimi hii ndiyo faida ya rozimari iliyo imara kuliko zote, na ndiyo inayotajwa mara chache zaidi, kwa sababu haiuzi vichupa.

Mwili lakini si chupa ya mafuta. Chembe nyeupe za damu hutumia radikali huru kuua vijidudu, na seli huzitumia kupelekeana taarifa, kwa hiyo kuzifuta zote hakuna faida. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Finland lililohusisha wanaume wavutaji sigara 29,133. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti iliyotarajiwa kuwakinga, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasiopewa. Haikuwa rozimari, na watu hawa walikuwa wavutaji. Lakini jaribio lile lilibomoa wazo kwamba antioksidanti ikizidi ndivyo afya inavyozidi. Miaka 18 baadaye, mwaka 2012, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake mashuhuri lililopanga vyakula kwa nguvu ya antioksidanti. Ilieleza kwamba namba hizo za maabara hazionyeshi kinachotokea ndani ya mwili, na kwamba wauzaji walikuwa wakizitumia vibaya. Namba hizo bado unaziona kwenye matangazo.

Wanasayansi sasa wanaiangalia asidi ya karnosi kwa jicho jingine. Inapoingia kwenye seli inaisumbua kidogo, kwa kipimo ambacho seli inakihimili. Usumbufu huo huiachia protini iitwayo Nrf2, ambayo huenda kwenye kiini cha seli na kuamsha vinasaba vinavyotengeneza vimeng'enya vya ulinzi. Seli inajilinda yenyewe, na mmea umeichokoza tu. Hili limeonekana kwenye seli za maabara na kwa wanyama. Ni elimu nzuri na inastahili kufuatiliwa, ila umbali kutoka sahani ya maabara hadi mtu anayekunywa kikombe kimoja asubuhi ni mrefu.

Umbali huo unapimika. Watafiti waliwapa wanaume 6 wenye afya dondoo ya mmea mwingine wa jamii ya mnanaa, yenye miligramu 200 za asidi ya rosmarini, kisha wakapima mkojo wao. Takriban asilimia 6 tu ya kiasi kile ndiyo ilionekana, na sehemu yake ilikuwa imeshageuzwa umbo. Nyingi ya hiyo ilitoka ndani ya saa 6. Kinachobaki hubadilishwa na ini au humeng'enywa na bakteria wa utumbo. Hapa ndipo dai la "kuondoa sumu mwilini" linapogeuka juu chini. Ini na figo ndivyo vinavyoondoa taka mwilini, usiku na mchana, na vinavihesabu viambato vya rozimari kuwa wageni wa kutolewa nje. Anayekunywa chai ya rozimari hasafishi ini lake. Ini ndilo linaloisafisha rozimari.

Nywele zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndizo zilizoanzisha gumzo lote. Jaribio linalonukuliwa kila mahali lilichapishwa mwaka 2015 na watafiti wa Iran. Wanaume 100 wenye upara wa kurithi waligawanywa makundi mawili, nusu wakapaka dawa yenye mafuta ya kunukia ya rozimari, nusu wakapaka minoksidili ya asilimia 2, dawa ya kupaka inayotumika kuotesha nywele. Baada ya miezi mitatu hakuna kundi lililobadilika. Baada ya miezi sita nywele za makundi yote mawili ziliongezeka kidogo, na tofauti kati yao haikuwa kubwa. Kundi la rozimari lilitoka wastani wa nywele 123 hivi hadi 130 hivi kwenye sehemu ndogo ya kichwa iliyopigwa picha. Waliopaka rozimari walilalamikia mwasho mara chache zaidi.

Ni matokeo ya kutia moyo, lakini yasome polepole. Hakukuwa na kundi la tatu lililopaka kitu kisicho na dawa, kwa hiyo huwezi kujua ni kiasi gani cha ongezeko kilitokana na kusugua kichwa kila siku au na nasibu tu. Waliopimwa ni wanaume wenye upara wa kurithi, wala si mama aliyetoka kujifungua au msichana aliyekatika nywele kwa kusukwa kwa kuvutwa sana. Ongezeko lilihitaji nusu mwaka. Na zaidi ya yote, kilichopakwa ni mafuta, si maji yaliyochemshiwa majani. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walionyesha kwa panya kwamba dondoo ya majani inaweza kupambana na homoni inayofifisha nywele, na kiambato walichokibaini ni jamaa wa asidi ya karnosi, yaani kundi lile lile linalokataa maji. Maji ya rozimari ndicho kitu kinachopuliziwa zaidi vichwani, na ndicho chenye ushahidi mdogo kuliko vyote.

Je, maji hayo yana madhara? Kwa wengi hapana, mradi yatumike yakiwa mapya. Hayana kihifadhi, kwa hiyo ndani ya siku chache bakteria na ukungu huyaingia hata kama bado yananukia. Yaweke kwenye friji na uyamwage yakipita juma. Kinachonisikitisha zaidi ni muda unaopotea. Nywele kukatika ghafla kunaweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma, hitilafu ya tezi ya shingo au fangasi wa kichwa. Mtoto mwenye mabaka ya fangasi anahitaji dawa ya kumeza aliyoandikiwa na daktari. Kila mwezi wa kupulizia maji ni mwezi mwingine wa mabaka kuenea, na makovu yakishaingia kwenye vinyweleo nywele hazirudi.

Kumbukumbu nayo ina hadithi yenye funzo. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northumbria, Uingereza, waliwaweka watu 144 kwenye vyumba vyenye harufu ya rozimari, ya lavenda, au bila harufu. Wa rozimari walikumbuka kwa usahihi zaidi, lakini walichukua muda mrefu zaidi kukumbuka. Nusu ya pili ya sentensi hiyo huwa haifiki mitandaoni. Baadaye, mwaka 2012, utafiti mdogo wa watu 20 ulikuta sineoli kwenye damu ya waliovuta harufu, na kiwango chake kilienda sambamba na utendaji wao kwenye majaribio. Kwa hiyo harufu haiishii puani. Mwaka huo huo wazee 28 walipewa unga wa majani makavu kwa vipimo vinne. Kipimo kidogo kabisa, miligramu 750, ambacho kinakaribia kiasi cha kiungo cha chakula, kiliharakisha kukumbuka. Kipimo kikubwa kabisa, miligramu 6,000, kilidhoofisha. Mmea ule ule, watu wale wale, na matokeo yakageuka kwa kuongeza kipimo tu.

Kuhusu saratani na kisukari nitasema kwa kifupi na bila kupinda. Seli za saratani kwenye sahani ya maabara hufa zikimwagiwa asidi ya karnosi nyingi, na hufa pia zikimwagiwa sabuni. Hakuna jaribio la binadamu lililoonyesha kwamba rozimari inatibu saratani. Kwa sukari ya damu tafiti nyingi ni za wanyama. Mgonjwa anayeacha dawa zake kwa ahadi ya kichupa anaweka rehani macho yake, figo zake na miguu yake, na muuzaji hatakuwepo siku ya malipo.

Kinachokubalika rasmi ni cha kiasi. Shirika la Dawa la Ulaya linaitambua chai ya majani haya kwa tumbo lililovurugika na msokoto mwepesi, na maji ya kuoga yenye rozimari kwa maumivu madogo ya misuli na viungo. Msingi wake ni matumizi ya muda mrefu yasiyo na madhara, si majaribio makubwa. Bibi aliyetumia rozimari kwa gesi ya tumbo na kwa misuli iliyochoka alikuwa na hoja.

Wapo wanaotakiwa kujihadhari. Mjamzito anaweza kula chakula kilichotiwa rozimari, lakini chai nzito ya kila siku, vidonge na mafuta ya kunukia aviache. Mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo au njia ya nyongo iliyoziba aongee na daktari kwanza. Mwenye kifafa ayaepuke mafuta yenye kafuri nyingi. Mwenye upungufu wa damu ajue kwamba polifenoli za rozimari, kundi ambamo asidi ya rosmarini imo, hushika madini ya chuma ya vyakula vya mimea tumboni na kupunguza kiasi kinachofyonzwa, jambo lililopimwa kwa binadamu mwaka 2001. Chai yake inywewe saa moja au mbili mbali na mlo na mbali na vidonge vya chuma.

Mafuta ya kunukia yasipakwe yakiwa matupu. Matone 6 hadi 12 ndani ya mililita 30 za mafuta ya nazi au zeituni yanatosha kwa mtu mzima, na yajaribiwe kwanza ndani ya kiwiko kwa siku nzima. Mafuta ya nazi yaliyolowekwa majani nyumbani ni mepesi zaidi na hayahitaji kuchanganywa. Mtoto mdogo asipakwe mafuta ya kichupa karibu na pua wala asipewe kuyalamba, kwa sababu kafuri na sineoli zinaweza kumletea degedege au shida ya kupumua. Akiyameza usimtapishe, maana mafuta yakiingia mapafuni hali huwa mbaya zaidi. Mkimbize hospitali, na kichupa ukibebe.